Kaka anataka kumnunulia mama suruali ya umeme. Tukubali?

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni binti wa tatu kwa mama yetu, tunaishi Tanga mjini. Mama alipata kiharusi miezi minane iliyopita, asubuhi akijiandaa kwenda kibarazani kwake kushona. Ni fundi cherehani, ametusomesha wote kwa kazi hiyo. Upande wa kushoto ulilegea wote na mdomo ukapinda kidogo. Tunamshukuru Mungu kauli imerudi na akili yake ni timamu. Presha anayo siku nyingi, na sukari aligundulika nayo palepale alipolazwa.

Sasa anatembea na fimbo ndani ya nyumba, lakini mguu wa kushoto anauburuta. Wayo unaning'inia kwa mbele, vidole vinakwaruza sakafu, kandambili inamvuka kila mara. Juzi juzi alijikwaa kwenye kizingiti cha choo akaanguka, bahati hakuvunjika. Mkono ndiyo kabisa: kiwiko kimekunjika na vidole vimefumba mpaka tuvinyooshe sisi. Mwanzoni alikuwa anakwenda hospitali kufanya mazoezi, baadaye nauli ya bajaji ikatushinda, tukaacha.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat. Ameona video ya suruali nyeusi ya kubana yenye umeme ndani, na fulana yake ya mikono mirefu. Muuzaji anasema mgonjwa wa kiharusi akivaa, misuli inaamshwa yenyewe hata akiwa amekaa anaangalia televisheni, na ndani ya wiki sita anatembea bila fimbo. Kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni tisa. Kaka yuko tayari kukopa. Shangazi anasema mtu mwenye presha hawekewi umeme mwilini, tutamuua. Mimi niko katikati, kila mmoja ananipigia simu. Mama tukimuuliza anasema, "Nyie amueni, mimi nishakuwa mzigo."

Naomba ushauri wako. Je, hicho kitu ni kweli, na je ni salama kwa mama?

Binti wa fundi, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu, na pole kwako pia, maana najua anayeamka usiku kumpeleka mama chooni ni wewe.

Nianze na jibu, kwa kuwa kaka anasubiri: asilipe bado. Umeme kwenye misuli ni tiba ya kweli, nimeitumia miaka mingi ya kazi yangu ya fiziotherapia na ninaiamini. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyeujaribu mguu wa mama kuona kama unaitika. Tena hiyo suruali ya kwenye video inaweza kuwa kimojawapo kati ya vitu vitatu tofauti kabisa, na kimoja kati yake sitaki kimkaribie mama.

Kiharusi kimeumiza ubongo. Mguu wenyewe haukuguswa. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye misuli ingali hai, na misuli ipo, ila amri kutoka kichwani haifiki sawasawa. Ndiyo maana ukipitisha umeme mdogo kwenye ngozi, juu ya mshipa wa fahamu, msuli unakaza. Aliyepooza kwa polio, au aliyekatika mshipa wenyewe wa fahamu mguuni, hapati msaada huo kwa namna hii, kwa sababu kwake kilichokufa ni ile njia ya mwisho inayofika kwenye msuli. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema umeme ulimsaidia jirani au haukumsaidia, uliza kwanza jirani aliumwa nini.

Mwambie mama akae kitini, akunje goti, umpapase upande wa nje chini kidogo ya goti. Utakuta kinundu cha mfupa. Mshipa wa fahamu unaoinua wayo unapita hapo, nyuma ya kile kinundu na chini yake kidogo, karibu sana na ngozi. Mwaka 1961 daktari Wladimir Liberson na wenzake wa Marekani waliweka elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme kwenye ngozi, mahali hapo kwa watu waliopooza upande mmoja, na swichi ndani ya kiatu chini ya kisigino. Kisigino kikinyanyuka, umeme unawaka, wayo unapanda, vidole havikwaruzi chini. Kisigino kikitua, umeme unazima. Vifaa vingi vya leo vya wayo unaoning'inia ni watoto wa wazo lile. Mwaka 2009 taasisi ya Uingereza iitwayo NICE, inayoongoza madaktari wa huduma ya afya ya taifa kule, iliridhika kwamba tiba hii ni salama vya kutosha na inasaidia kutembea kwa watu ambao wayo wao umelegea kwa sababu ya ubongo au uti wa mgongo. Mama yako yumo katika kundi hilo, na hapo kaka hajakosea.

Sasa tuje kwenye nguo, na hapa mama atanielewa kuliko ninyi wote, kwa sababu ni fundi.

Kitambaa cha namna hii hufumwa kwa nyuzi za kawaida, na sehemu fulani zikatiwa nyuzi za nailoni zilizopakwa madini ya fedha. Fedha inapitisha umeme, basi kile kipande cha kitambaa ndicho kinachokuwa elektrodi. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa anavaa mara moja, habandikwi kibandiko kimoja kimoja, na mtu mwenye mkono mmoja tu unaofanya kazi hilo kwake ni jambo kubwa. Shida ni kwamba kibandiko cha jeli hung'ang'ania ngozi, lakini kitambaa kikavu haking'ang'anii. Mguu uliopooza umepungua nyama. Suruali iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mzima wa kawaida itamkaa mama vizuri pajani, ipwaye kwenye shavu la mguu. Ikipwaya, elektrodi inagusa ngozi sehemu ndogo tu, na umeme wote uliokusudiwa kutawanyika unapita kwenye kile kijisehemu. Mwenye hisia nzuri atasikia kuchomwa kama sindano na atapiga kelele. Asiyehisi ataungua kimya kimya.

Ndiyo maana habari ya sukari imenishtua kuliko ya presha. Kabla hujafanya lolote, mfumbe mama macho, chukua pamba umguse miguu yote miwili, vidoleni, juu ya wayo, kwenye muundi na chini ya goti, akwambie anasikia wapi. Kisha mguse kwa chupa ya maji baridi na chupa ya maji ya uvuguvugu, usitumie ya moto, aseme ipi ni ipi. Palipo na ganzi hapawekwi umeme mpaka mtaalamu apaone. Kiharusi chenyewe kinaweza kupunguza hisia, na sukari ikaongeza ganzi ya nyayo juu yake.

Mahali pa elektrodi nako si pa kubahatisha. Ukisogeza elektrodi ya pale chini ya goti kwa upana wa kidole kimoja tu, wayo unaweza kuinuka huku umepinda kwenda nje, au ukapindia ndani, na mtu anayekanyaga na wayo uliopinda ndani ndiye anayevunjika kifundo. Ninapomwekea mgonjwa mimi huwasha, nikaangalia wayo unavyopanda, nikazima, nikasogeza kidogo, nikawasha tena, mpaka unyooke. Kisha naweka alama kwa kalamu kwenye ngozi ili binti yake nyumbani asipoteze mahali. Suruali iliyoshonwa kiwandani elektrodi zake zimeshachagua mahali pao. Labda patakuwa penyewe kwa mguu wa mama, labda hapatakuwa, na hilo halijulikani kwa kutazama video.

Halafu kuna jasho la Tanga. Vitambaa vingi vya namna hii vinahitaji kuloweshwa maji kidogo pale penye elektrodi ili umeme upite vizuri. Lakini kitambaa chote kikilowa jasho, umeme unaweza kutambaa juu kwa juu kutoka elektrodi moja kwenda nyingine bila kuufikia msuli. Na ufuaji je? Jiki inaharibu fedha iliyopakwa kwenye nyuzi, pasi inaunguza, na kila ufuaji unapunguza kidogo. Nguo ya milioni tisa ina umri wake, na muuzaji aulizwe ni mara ngapi itafuliwa kabla haijachoka, na ikichoka nani ataitengeneza.

Nimesema vitu vitatu. Cha kwanza ni vile vya ukoo wa Liberson: mkanda au soksi inayovaliwa chini ya goti, inayowaka kwa mpigo wa hatua. Hicho ndicho kinachohusu wayo wa mama moja kwa moja.

Cha pili ni vazi la mwili mzima la kulegeza misuli iliyokakamaa. Linalojulikana zaidi lilitengenezwa Sweden, linaitwa Mollii Suit, lina elektrodi 58, na huvaliwa kama saa moja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Umeme wake ni mdogo kiasi kwamba haukusudii hata kuukaza msuli. Unasisimua msuli wa upande wa pili ili ule uliokakamaa ulegee, na mtu anatakiwa afanye mazoezi katika saa zile ambazo mwili umelainika. Wapo wanaolisifu, lakini tafiti zilizochapishwa ni za watu wachache na matokeo yake hayajakubaliana. Nisingemshauri mtu akope kwa ajili hiyo.

Cha tatu ni suti za mazoezi za watu wazima wa afya, wanaotaka kujenga mwili kwa muda mfupi. Hizo zinakaza misuli ya mwili mzima kwa nguvu. Madaktari katika nchi kadhaa wameandika juu ya watu, tena vijana, waliovaa mara moja tu wakapasuka nyuzi za misuli, mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa, figo zikawa hatarini. Ujerumani wanaovalisha watu suti hizi wamewekewa sheria ya kuwa na mafunzo. Kwa mama mwenye presha na sukari, ambavyo vyote viwili vinaandama figo, sitaki kusikia.

Ukiniambia suruali na fulana, mwili mzima, akae aangalie televisheni, na wiki sita atupe fimbo, mimi nahofia ni cha pili kinachouzwa kwa ahadi za uongo, au ni cha tatu. Mwambie kaka amuulize muuzaji kwa maandishi: kifaa hiki kimesajiliwa kama kifaa tiba katika nchi gani, na kwa ugonjwa gani? Akizungusha maneno, mjadala umekwisha. Akijibu sawasawa, bado muwaulize TMDA, ambao ndio wanaosimamia vifaa tiba kwetu, kabla mzigo haujatoka Muscat.

Shangazi naye asidharauliwe, ametaja hofu ambayo wataalamu wanaanza nayo. Presha inayodhibitiwa kwa dawa haizuii umeme wa mguuni. Vinavyozuia ni vingine: kifaa cha kuendesha moyo kilichopandikizwa kifuani, kifafa kisichotulia, saratani au kidonda mahali panapowekwa umeme, na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Hiyo ya mwisho uijue kwa macho: shavu moja la mguu limevimba kuliko jingine, lina joto na linauma. Ukiona hivyo ni hospitali siku hiyo hiyo, wala msiikande. Nyumbani elektrodi haiwekwi mbele ya shingo kwa mtu yeyote, na mtu kama mama haiwekwi kifuani. Hata fulana ile, kwa hiyo, nina wasiwasi nayo.

Sasa cha kufanya. Mrudishe mama kwa wataalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa, na uombe jambo moja mahsusi: ajaribiwe umeme wa kuinua wayo kwa mashine ndogo ya mezani na vibandiko vya jeli. Ni kazi ya muda mfupi, haihitaji suruali yoyote. Wayo ukipanda bila maumivu, mna habari njema. Usipopanda kabisa, au shavu la mguu likiwa limekakamaa kiasi kwamba kifundo hakikunjiki hata kwa mkono, milioni tisa zimeokoka na mnaanza na kunyoosha.

Siku hiyo hiyo pima mwendo. Chora mstari wa mita 10 kwenye korido, mama atembee kwa mwendo wake wa kawaida na fimbo yake, wewe shika saa ya simu. Mwache apate hatua chache kabla ya mstari na chache baada yake, ili usipime kuondoka na kusimama. Akitumia zaidi ya sekunde 25, huo kwa kawaida ni mwendo wa ndani ya nyumba. Akifika sekunde 12 au 13, huyo anaweza kwenda dukani na msikitini bila kubebwa. Pima bila umeme, pima na umeme. Hizo namba mbili zitawaambia zaidi ya video yoyote.

Na kabla ya umeme wa kununua, kuna kitu cha bei ndogo ambacho hakina muuzaji wa kukitangaza: kishikizo cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu, kinapanda nyuma ya shavu la mguu na kuushika wayo usining'inie. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 197 wa kiharusi waliofuatiliwa wiki 30, wengine wakivaa kifaa cha umeme, wengine kishikizo cha plastiki. Makundi yote mawili yaliongeza kasi ya kutembea, na hapakuwa na tofauti kati yao kwa kasi hiyo. Waliovaa cha umeme walikipenda zaidi, na hilo lina uzito wake. Lakini mwendo ulikuwa mwendo. Vishikizo hivi vinatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi ndiko kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wake, na hospitali ya mkoa watakwambia wapi pa karibu. Kwa ajili ya sukari, kila jioni akivua, kagua ngozi: pakibaki pekundu kwa zaidi ya nusu saa, kirudishwe kirekebishwe. Na kandambili zitoke, avae kiatu cha kufunga.

Ule mkono, kwa sasa, usiugharamie. NICE hao hao, katika mwongozo wao wa kiharusi wa 2013, walisema umeme wa mkono usitolewe kwa kila mgonjwa kama desturi. Ujaribiwe kwa yule ambaye msuli wake umeonyesha dalili ya kukaza lakini hawezi kusogeza mkono dhidi ya kitu kinachouzuia, tena ndani ya mpango wa mazoezi. Mtaalamu aangalie kama dalili hiyo ipo. Ninyi msiuvute mkono ule kwa kumnyanyua mama kitandani, bega lililolegea linachomoka. Akilala au akikaa, uwekewe mto.

Kuna jambo kaka hajaambiwa na yule muuzaji. Umeme peke yake, mtu amekaa ameangalia televisheni, unakaza msuli tu. Ubongo unajifunza pale mama mwenyewe anapojaribu kuinua wayo kwa nia yake, kwa juhudi mpaka jasho limtoke, na umeme unamsaidia katika sekunde ile ile. Na msuli unaokazwa na umeme unachoka haraka kuliko unaokazwa na mwenyewe, kwa hiyo vipindi vifupi vyenye mapumziko vina faida kuliko kuvaa siku nzima. Nafuu kubwa ya kiharusi huja katika miezi ya kwanza, lakini miezi minane si mlango uliofungwa. Nimewaona waliosonga mbele mwaka wa pili, wote walikuwa watu waliorudishiwa kitu cha kufanya.

Mama ana cherehani. Kama ni ya kukanyaga kwa miguu, mna chombo cha fiziotherapia ndani ya nyumba. Lile kanyagio linadai wayo ushuke na upande, ushuke na upande, na hicho ndicho kinachomshinda. Ondoeni mkanda kwenye gurudumu ili sindano isitembee, mkono wa kushoto usije ukachomwa. Kiti kiwe imara chenye mgongo, miguu yote miwili kwenye kanyagio, wewe kaa pembeni. Aanze na dakika chache, apumzike, arudie. Mwambieni mtaalamu, akiona wayo wa mama unaitika umeme, awafundishe kuweka vibandiko wakati wa kukanyaga. Mkanda utarudi mguu ukishatulia, kwa shoni nyepesi ambazo mkono wa kulia unaziweza.

Lile neno la mama, "nishakuwa mzigo", limeniuma. Mtu aliyewasomesha kwa mikono yake sasa anasikia bei yake ikijadiliwa kwa simu kutoka Muscat. Kaa naye mkiwa wawili tu, usimuulize kuhusu suruali. Muulize anataka kufanya nini kwanza: kwenda chooni peke yake usiku, kufika kibarazani, au kushona tena? Akishasema, mpigie kaka simu, mama aseme mwenyewe. Hilo alilolitaja ndilo liwe kipimo cha kila shilingi.

Kwa hiyo mwambie kaka, kwa heshima, kwamba mapenzi yake tumeyaona. Asikope. Mwezi huu atume nauli ya bajaji ya kwenda mazoezi mara mbili kwa wiki, pesa ya kishikizo na ya kiatu cha kufunga. Baada ya miezi mitatu pimeni tena zile mita 10. Kama wayo ulipanda kwa umeme na mama mwenyewe anautaka, mtafute kifaa cha chini ya goti, cha wayo tu, kinachoweza kujaribiwa kabla ya kulipiwa. Hicho nitawasaidia kukichagua. Niandikie mkishakuwa na zile namba mbili.